Uso Wangu Kwenye Kompyuta ya Josepha

Mhaya asiyejisifu nimemwona mmoja tu tangu nizaliwe, na huyo ni mjukuu wangu, Josepha. Baba yake ni mwanangu Machibya, Msukuma kama mimi. Mama yake, Angela, ni Mhaya wa Bukoba. Huyo anaweza kukuhadithia migomba ya baba yake mgomba mmoja mmoja mpaka chai ipoe, halafu akuulize kwa nini hunywi. Kwa ndoa hiyo ungetegemea mtoto atoke redio. Akatoka kabati lililofungwa, na ufunguo uko ndani.

Nimemlea mimi, hapa Igogo, tangu ana miaka mitatu, maana wazazi wake kazi zao ni za kuhamahama. Kwa hiyo ninachosema nakijua. Akija mgeni, Josepha yuko uvunguni mwa kitanda. Mgeni akikaa siku mbili, chakula chake nakisukuma kule kule uvunguni kama cha kuku anayeatamia. Nikimtuma dukani akalete chumvi, anafika, anasimama mbele ya lile dirisha, anaangalia vidole vyake vya miguu mpaka mwenye duka aanze kukisia. Sukari? Majani? Sabuni? Siku moja akakisia kiberiti, na yule mtoto akaona aibu kumkatalia mtu mzima. Akaja na kiberiti. Nikamrudisha, akaja na kiberiti cha pili. Wiki ile tulikula mboga haina chumvi, ila moto haukutusumbua.

Kanisani, Krismasi, watoto wakaigiza kuzaliwa kwa Yesu. Malaika ana maneno, wachungaji wana maneno, hata mwenye nyumba ya wageni ana maneno yake ya kukataa watu. Josepha akapewa kondoo. Kondoo kazi yake ni kulia mee, mara moja, basi. Alishindwa. Alisimama pale na pamba zake mgongoni, jasho linamtoka, mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa punda akamsaidia. Punda akalia mee mbele ya waumini wote. Aliyecheka wa kwanza namjua, na kwenye msiba wake sikwenda kupika.

Kwenye karatasi lakini, mtoto huyo alikuwa simba. Alipasua darasa la saba, akapasua sekondari, akaingia chuo hapa hapa Mwanza, anasomea samaki na namna ya kuwahifadhi. Sasa chuo wana desturi yao. Mwaka wa mwisho unaandika utafiti, kisha unasimama mbele ya walimu watano unautetea kwa mdomo. Kwa mdomo. Mtu aliyeshindwa kusema chumvi.

Mwezi wa sita alisimama. Akafungua mdomo. Kulikuwa na mwalimu anaitwa Kashaija, Mhaya wa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. Huyo Kashaija akakohoa. Kukohoa tu, mtu ana mafua. Josepha akachukua begi lake, akasema "asante", akatoka. Hiyo asante ndiyo ilikuwa hotuba nzima. Wakamwambia arudi mwezi wa tisa, na akishindwa tena, anadisko. Kudisko ndivyo wanavyosema wanafunzi mtu akifukuzwa chuo. Unarudi nyumbani na godoro lako kichwani, na mtaa mzima umetoka nje kukuhesabia hatua.

Siku ile alifika nyumbani akaingia uvunguni. Ana miaka ishirini na tatu. Miguu ilibaki nje.

Pale chuoni alikuwepo kijana anaitwa Pius Shigela, anasomea akili za watu. Alikuwa na chumba na kompyuta sita, na alikuwa anatafuta wanafunzi wanaoogopa watu ili awafundishe kwa kompyuta wasiogope tena. Akabandika tangazo. Watu wanaoogopa watu unawaita kwa tangazo waje kwenye chumba chenye watu; huyo ndiye msomi. Josepha alikwenda kwa sababu chini ya tangazo iliandikwa kwamba hutaongea na mtu.

Aliporudi nikamuuliza wamemfanya nini.

"Zinakuja sura mbili, bibi. Moja imenuna, moja inacheka. Zinakaa kufumba na kufumbua, zinapotea. Pale ilipokuwa ile inayocheka unatokea mshale. Unabonyeza kuonyesha mshale umeelekea wapi."

"Halafu?"

"Basi. Robo saa kila siku, wiki sita. Pius anasema mtu mwoga akiingia penye watu, jicho lake linamkimbilia yule aliyenuna, na likishamwona halimwachi. Kompyuta inalizoesha jicho liende kwa anayecheka."

"Mimi nilidhani umepeleka mdomo."

"Mdomo unafuata jicho, bibi."

"Wangu haujawahi kufuata kitu."

Mwanzoni zile sura zilikuwa za Wazungu. Hazikumsaidia kitu. Mtu aliyenunia Ulaya atakufanya nini Igogo? Wanafunzi wakawa wanasinzia kwenye kompyuta. Pius akaona lazima apate sura za hapa, za watu ambao mwanafunzi akiwaona anawajua kwamba wakinuna wamenuna. Akachukua kamera akaja kwetu Mwaloni, soko la samaki.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, mwaka wa arobaini na mbili huu. Nanunua wabichi, naanika mwenyewe ufukweni, nauza mwenyewe. Meza ya jirani yangu ni ya Mama Shimba, mwanamke mwenye pengo la meno manne na anacheka kama amelipata jana. Pius alipiga picha kwake kwanza, akamaliza upesi, kisha akaja kwangu.

"Shikamoo mayu," akaniita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Umefuata dagaa au maneno?"

"Nimefuata sura, mayu."

"Ya kwako imefanya nini?"

Akanieleza ni ya kusaidia wanafunzi. Hakunieleza wanafunzi gani, na mimi sikuunganisha, nilikuwa na wateja. Nikaandika jina langu kwenye karatasi yake, Ng'washi, najua kuliandika hilo vizuri. Akasimama mbele yangu.

"Tabasamu kidogo, mayu."

Nikatabasamu.

"Tabasamu, mayu."

"Nimetabasamu."

Akaangalia kamera. Akaniangalia mimi. "Labda ufikirie kitu kinachokufurahisha."

Nikafikiria siku magunia ya mshindani wangu mmoja yalipotumbukia ziwani. Kijana akapiga picha.

"Ahsante. Sasa kasirika."

"Subiri kwanza nimalize kucheka."

Akapiga hapo hapo, akashukuru, akaondoka kwa mwendo ambao hakujia nao.

Wiki tatu zikapita, nikaanza kuona mambo nyumbani. Pale sebuleni tuna kalenda ya parokia. Ina picha ya sista amebeba mwanambuzi, anacheka mpaka jino la mwisho. Josepha akirudi chuoni anasimama mlangoni, anaiambia kalenda, "Shikamoo bibi."

"Mimi niko huku," namwambia.

"Ndiyo, bibi," anaiambia kalenda.

Namwita, "Josepha, niangalie." Shingo inageuka, inakuja, inakuja, ikifika karibu na pua yangu jicho linateleza kama sabuni ya kuogea, linaangukia kwa sista. Nikasema ni mimba. Nikahesabu miezi, haikuwa mimba. Nikasema ni Uhaya umeamka, ameanza majivuno ya ujombani. Lakini mwenye majivuno haoshi vyombo bila kuambiwa. Nikahamisha kigoda changu, nikakaa chini ya kalenda kabisa ili angalau shikamoo inipitie kichwani. Ikawa inanipitia kichwani. Nimefika umri huu, nadokoa shikamoo ya sista.

Jambo lenyewe hakulisema, maana Josepha ni yule yule wa kiberiti. Ikabidi niende chuoni mwenyewe.

Nikamkuta Pius kwenye chumba chake cha kompyuta, na kompyuta imewashwa. Nikajiona. Kushoto mimi, kulia Mama Shimba na pengo lake. Zikapotea. Zikaja nyingine. Kulia mimi, kushoto Mama Shimba. Mshale ukatokea kwa Mama Shimba. Kila mara mshale unatokea kwa Mama Shimba.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

Pius akafurahi kuniona. "Ni wewe, mayu. Wewe ndiye sura yetu bora kabisa. Picha zote niliwapa watu kumi wazipange, hasira huku, kicheko huku. Nyingine walibishana. Za kwako mbili, wote kumi walisema hasira."

"Moja nilikuwa nacheka."

Akasogea kwenye kompyuta, akainama, akaziangalia zote mbili muda mrefu.

"Ipi, mayu?"

Hilo swali nimelitunza. Nikifa nitakwenda nalo.

Nikamwambia kwamba Josepha Machibya ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe, na sasa anaamkia kalenda. Kalamu ikamdondoka.

"Lakini hajasema. Wiki zote hizi anakuona hapa, hajasema."

"Angesemaje? Ungeuliza chumvi angekuletea kiberiti."

Hakuelewa, na sikuwa na haja aelewe.

"Mayu, hakimbii wewe. Anakimbia hasira."

"Hiyo hasira ina pua yangu."

"Nitakutoa leo leo. Ila jicho limeshazoea, litachukua muda kuzoea upya. Na anatetea utafiti wake Jumanne." Akakunja mikono. "Nakuomba, mayu, Jumanne usiende. Ukikaa pale mbele, jicho lake litaruka upande wako wote, halitagusa huko hata kidogo."

Aliposema usiende ndipo nikajua nakwenda. Nikamuuliza Kashaija huwa anakaa kiti gani.

Natoka pale, kwenye korido nakutana na mfagiaji wa chuo, anaitwa Modesta. Huyo, Mungu alimpa meno yaliyotangulia safari. Hata akilia unaona anacheka. Siku ya kumzika mumewe picha zilipigwa, na mawifi zake wakakaa mwaka mzima hawasemi naye kwa sababu ya zile picha. Tulielewana hapo hapo, mimi na yeye. Tumeumizwa na kitu kimoja, ila kila mtu kwa upande wake.

"Jumanne saa nne unafagia wapi?" nikamuuliza.

"Popote, mama."

"Fagia kwenye ukumbi wa kutetea. Upande wa mlangoni. Usiongee, simama tu."

"Nifanye uso gani?"

"Huo huo."

Jumanne nilifika kabla ya walimu, nimevaa kitenge cha Pasaka na nimebeba kigoda changu cha sokoni. Mbele kuna meza ndefu na viti vitano. Nikaweka kigoda ubavuni mwa kiti cha Kashaija, mkono wa kulia, karibu kabisa, nikakaa. Wakaingia. Kashaija akaona mwanamke mzee amekaa, na malezi yake yakamtangulia kabla hajafikiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hawajambo nyumbani? Migomba haijambo?"

"Haijambo, mama." Akavuta kiti, ndipo akashtuka. "Lakini mama, hapa ni pa walimu. Wageni wanakaa nyuma."

"Umeshaniamkia. Mtu ukishamwamkia unamfukuzaje? Ungenifukuza kwanza."

Walimu wenzake wakaangalia karatasi zao, mabega yanawatikisika.

"Basi utakaa kimya, mama?"

"Kama wewe hukohoi."

Josepha akaitwa. Akaingia na sketi nyeusi na kile kirimoti cha kubadilishia picha za ukutani. Akainua uso. Jicho likaanza safari yake ya kumtafuta Kashaija, kama mwezi wa sita. Likafika, likanikuta mimi nimekaa bega kwa bega na Kashaija. Likaruka. Liliruka meza nzima, likaruka walimu wengine wanne, likaenda kutua mlangoni, kwa Modesta, amesimama na fagio lake, meno nje.

Josepha akavuta pumzi, akaanza kuongea.

Na mimi muda wote huo nilikuwa nimetabasamu. Tangu anaingia. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu.

Aliongea dakika ishirini na hakuna hata moja aliyompa mtu mwingine. Zote alimpa Modesta. Alimweleza Modesta namna dagaa wanavyoanikwa, wengine kwenye vichanja, wengine kwenye nyavu juu ya mawe, wengine chini kwenye mchanga. Modesta anaitikia kwa kichwa. Nikawaza, kumbe ana sauti. Sauti yenyewe ya mama yake, ile ya migomba. Nilikuwa sijawahi kuisikia.

Halafu akabadilisha picha ukutani. Akasema alichukua sampuli tatu. A ni ya vichanja, B ni ya nyavu, na C ni ya mchangani, kutoka kwa mfanyabiashara mkongwe wa Mwaloni. Akasema sampuli C ilikuwa na mchanga mara saba ya sampuli A.

Nikaangalia ukutani. Dagaa wa sampuli C wako ndani ya debe, na lile debe nalijua. Limebonyea upande wa mpini, nililibonyeza mwenyewe kichwani pa mbwa. Dagaa wale nilimpa mimi, aliposema ni mboga ya wenzake chuoni.

Hapo tabasamu likaniisha. Nilinuna kuanzia visigino. Kila kilichokuwa na mkunjo mwilini mwangu kikakunjika. Josepha akanipitia kwa pembe ya jicho, na hakuona kilichobadilika. Akaendelea.

Kashaija akaniinamia, ananong'ona. "Mama, hii sampuli C unaifahamu?"

"Angalia mbele."

"Nauliza kwa sababu mke wangu ananunua Mwaloni."

"Meno yake yakoje?"

"Mazima."

"Basi angalia mbele."

Josepha akamaliza, wakaanza maswali. La Kashaija likawa la mwisho. Akashusha miwani ya juu, akapandisha ya chini, akasema, "Binti, huyu wa sampuli C. Unajuaje kwamba hakuutia huo mchanga makusudi, dagaa wawe wazito?"

Mimi mkono ulishashika kigoda. Na swali lenyewe likawasha koo la Kashaija, akakohoa. Akakohoa vizuri, kikohozi chenye miguu, kuliko kile cha mwezi wa sita.

Nikaliangalia begi la Josepha. Liko sakafuni, hatua moja. Mkono wake ukashuka kidogo kulielekea. Modesta mlangoni akaliona na yeye begi, na kwa hofu meno yakatoka yote, mpaka yale ya nyuma.

Mkono ukarudi juu.

"Hapana, mwalimu," Josepha akamwambia Modesta. "Huyo mfanyabiashara namfahamu. Ni mkali, ni mgumu, na hajawahi kumsamehe mtu. Lakini mwizi siyo. Mchanga unaingia kwa sababu anaanika chini, kama alivyofundishwa na mama yake. Akipata vichanja, dagaa wake watawashinda wa sampuli A."

"Sasa mbona unamjibu mfagiaji?" Kashaija akauliza.

"Nakujibu wewe, mwalimu. Naangalia pale tu."

Walimu wakatutoa nje, wakakaa, wakatuita. Amepita. Arekebishe ukurasa mmoja na jina la samaki la Kilatini.

Josepha alipotoka alimkumbatia Modesta kwanza. Modesta alikuwa analia, au anacheka, hapo siwezi kuapa. Kisha akaja kwangu, jicho linateleza bado, linarudi, linateleza.

"Pole bibi. Najua ulikasirika."

"Mwanzoni nilikuwa nacheka."

"Ukaacha wapi?"

"Sampuli C."

Siku hizi ameajiriwa. Anazunguka kwenye fukwe anafundisha wanawake kuanika juu ya vichanja, anasimama mbele ya watu arobaini, na akiona mmoja amenuna anageukia mwingine, maneno yanaendelea kutoka tu kama Mhaya yeyote. Mwezi uliopita alifika kwetu Mwaloni. Mama Shimba alikaa mbele, anaitikia kila neno na pengo lake. Mimi nilikaa nyuma ya nguzo, nisimharibie. Vichanja nimejenga viwili. Nimewaambia watu ni vya kuanikia nguo.

Mchanga sijausamehe, na Pius sijamsamehe. Alikuja tena na kamera yake, anaomba radhi, anasema anataka nipige picha mpya, nicheke, ili aniweke upande mzuri. Nikacheka. Akaenda akawapa tena watu kumi. Akarudi ananiambia kwa aibu: tisa wamesema hasira, mmoja amesema nacheka.

"Nani huyo mmoja?"

"Majina ni siri, mayu. Ndiyo sheria ya kazi."

Jioni Josepha alipofika nikamuuliza kama ni yeye. Akaangalia kalenda.